Akiba ya Vifurushi: Kuokoa Mashine Iliyogoma

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Kimarekani ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilisambaza faili dogo la sasisho kwa wateja wake duniani kote. Saa 2:27 ikaliondoa. Katika dakika hizo 78, kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kufika milioni 8.5 zilikwisha kulimeza. Zikaanguka kwenye kioo cha bluu, zikajizima, zikawaka, zikaanguka tena. Ndege zilibaki chini, na huko India kuna abiria waliosafiri na pasi za ndege zilizoandikwa kwa kalamu.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi. Washa mashine katika hali salama, ingia kwenye folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya System32\drivers, futa faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, kisha washa upya. Fundi mwanafunzi angeiweza. Tatizo ni kwamba mashine isiyowaka haipokei kitu kwa mtandao, hivyo ilibidi mtu aende mezani, kompyuta moja baada ya nyingine. Na pale diski ilipokuwa imefungwa kwa BitLocker, mashine ilidai kwanza ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Zipo ofisi zilizokuwa zimetunza funguo hizo kwa uangalifu mkubwa, ila zilizitunza kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimelala na kioo cha bluu.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu kosa lililomo ndani yake liko kila mahali, kuanzia benki hadi kibanda cha fundi: akiba ipo, lakini njia ya kuifikia inapita katika kitu kilekile kilichoharibika. Sura iliyotangulia ilihusu nakala za data, yaani picha, mahesabu na barua zako. Sura hii inahusu programu zenyewe, vile vifurushi vinavyoifanya mashine iwake, isome diski, iingie mtandaoni na ijitibu. Sharti lake kubwa ni moja. Akiba ya kuokolea isimame kwa miguu yake, isimtegemee mgonjwa.

Wapo watakaosema kwamba programu zote ziko mtandaoni, kwa hiyo hakuna haja ya kuzirundika. Hoja hiyo ina nguvu siku mtandao ukiwepo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Aliyeharibikiwa na seva siku ile alikuwa na kazi mbili: kutafuta ubovu, na kutafuta mtandao. Lakini hata mikongo ikiwa mizima, kuna mkongo mwingine mfupi zaidi unaokatika kila siku, nao ni ule wa kati ya kompyuta yako na ruta iliyo ukutani.

Chukua leptopu ya mteja aliyeomba kupigiwa Windows upya. Fundi anafuta diski, anaweka mfumo, kila kitu kinakwenda vizuri mpaka kwenye eneo-kazi jipya linalong'aa. Hapo anagundua kwamba alama ya Wi-Fi haipo. Mfumo hauitambui kadi ya mtandao, na dereva yake, yaani programu inayoiendesha, iko kwenye tovuti ya aliyetengeneza leptopu. Leptopu yenyewe ni ile nyembamba isiyo na tundu la waya wa mtandao. Kwa simu anaweza kujiokoa, akiiunganisha kwa waya wa USB na kuifanya modemu, au akipakua dereva kwa simu na kuihamisha. Mara nyingine bahati inakubali. Mara nyingine anapakua dereva ya kadi isiyo yake, bando linaisha, na mteja yuko mlangoni.

Shida yote hiyo ingezuiwa na amri moja kabla ya kugusa diski. Tengeneza folda kwenye fleshi, fungua terminali kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

dism /online /export-driver /destination:E:\madereva

Windows itakusanya madereva yote yaliyoongezwa kwenye mashine hiyo na kuyamwaga kwenye folda, kila moja na faili lake la .inf. Baada ya kupiga Windows mpya, amri ya pnputil yenye /add-driver, /subdirs na /install huyarudisha yote kwa mkupuo. Kazi hii huchukua dakika chache. Mimi naona inapaswa kuwa desturi ya kila fundi, kama ilivyo desturi kuuliza neno la siri kabla mteja hajaondoka. Folda ipewe jina la modeli ya leptopu na isifutwe, kwa kuwa leptopu ya modeli hiyo itarudi, ya mtu mwingine, tayari imekwisha kufutwa na fundi mwingine.

Watumiaji wa Linux wamewahi kuteswa na jambo hilohilo kwa namna yao. Kwa miaka mingi Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilikataa kuweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji programu dhibiti zisizo huru, zile ambazo kadi nyingi za Wi-Fi haziwezi kufanya kazi bila hizo. Mtu alisakinisha mfumo safi, halafu akatakiwa kutafuta firmware-iwlwifi au firmware-realtek kwa mashine nyingine. Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kubadilisha msimamo, na toleo la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, likaja nazo ndani. Ukitunza diski ya usakinishaji, basi, itunze ya toleo la 12 au la baada yake.

Debian ndiyo nitakayoikalia zaidi, kwa sababu mfumo wake wa vifurushi ni wazi kiasi kwamba ukiuelewa unaweza kuufungua kwa mikono mitupu. Kila programu huja katika faili moja lenye kimalizio cha .deb. Ndani yake si uchawi. Ni jalada la ar lenye vitu vitatu: faili dogo la maandishi linalotaja namba ya muundo, jalada la tar lenye maelezo na maagizo ya usakinishaji, na jalada jingine la tar lenye mafaili yenyewe, yakiwa yamepangwa tayari katika njia zitakazokaa: usr/bin, usr/lib, etc. Maana yake ni kwamba hata dpkg, chombo chenyewe cha kusakinisha vifurushi hivyo, ikiwa imekufa, mwenye ar, tar na kifungulio cha xz anaweza kulitoa faili moja lililopotea na kulirudisha mahali pake.

Ukisakinisha kitu kwa apt-get, kifurushi hushuka kwanza kwenye saraka ya /var/cache/apt/archives, na kwa desturi hubaki hapo. Hiyo ni akiba ya bure ambayo wengi hawajui kuwa wanayo. Toleo jipya likija na kuvunja kitu, la zamani liko palepale kwenye diski, na dpkg -i hulirudisha bila kugusa mtandao. Lakini angalia: amri mpya ya apt, ile fupi inayopendwa siku hizi, tangu 2016 hufuta vifurushi mara tu baada ya kusakinisha. Anayetumia apt miaka yote akitegemea akiba hiyo, siku ya dhiki atakuta saraka tupu. Kuirekebisha ni mstari mmoja katika faili jipya ndani ya /etc/apt/apt.conf.d:

Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages "true";

Watumiaji wa Arch, Linux ya aina nyingine, wana saraka yao, /var/cache/pacman/pkg, na kwao ni muhimu zaidi, kwa kuwa mfumo wao hubadilika kila siku na kurudi nyuma kwa pacman -U ni sehemu ya maisha. Chombo chao cha kusafisha, paccache, hubakiza matoleo matatu ya mwisho ya kila kifurushi. Kiasi hicho naona kinafaa hata kwa watu wa Debian.

Machi 2024 kurudi nyuma kulikuwa suala la usalama wa dunia nzima. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine zake za majaribio kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri uliopandwa ndani ya xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na tarehe 29 Machi akatangaza. Matoleo thabiti ya Debian yalikuwa hayajafikiwa. Tawi la majaribio lilikuwa limefikiwa, na njia ya haraka ya kuponya ilikuwa kurudi kwenye 5.4. Sasa mfumo wa vifurushi haukubali kwa hiari kushuka kutoka namba kubwa kwenda ndogo, kwa hiyo Debian ikatoa kifurushi chenye namba 5.6.1+really5.4.5-1. Mbele ni namba kubwa ili apt ikubali kukipanda, nyuma yake ni ukweli wa kilichomo. Na kumbuka kwamba xz ndiyo inayobana na kufungua vifurushi vya Debian vyenyewe. Aliyepandikiza sumu alikuwa ameshika funguo za stoo nzima.

Kutoka hapo tunafika kwenye ubovu ninaouogopa kuliko wote. Karibu kila programu ya Linux, kuanzia ls na cp hadi tar, dpkg na apt, hutegemea maktaba moja ya msingi, libc. Ikivurugika, kwa sasisho lililokatikiwa na umeme katikati au kwa mtu aliyelazimisha kifurushi cha toleo jingine, amri zote hugoma kwa pamoja. Akiba yako ya /var/cache iko palepale, umeiona kwa macho, na huna kitu cha kuifungulia.

Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kiliwahi kukutwa na hali ya namna hiyo mwaka 1986, na aliyeiandika, Mario Wolczko, aliwaachia mafundi wa Unix kisa kinachosimuliwa hadi leo. Mtu mmoja alitoa amri ya rm -rf mahali pasipostahili kwenye kompyuta ya VAX. Alipoisimamisha, saraka za /bin, /etc, /dev na /lib zilikuwa zimekwenda. Nakala zilikuwepo kwenye kanda, ila programu ya kusoma kanda ilikuwa miongoni mwa vilivyofutwa. Hakukuwa hata na ls. Waliorodhesha mafaili kwa kuandika echo *, kwa sababu echo imo ndani ya sheli iliyokuwa bado hai kwenye kumbukumbu. Kilichowaokoa ni kihariri cha Emacs ambacho mtu alikuwa amekiacha wazi. Kwenye VAX nyingine waliandaa programu fupi sana ya lugha ya mashine, wakaiingiza kwa mkono kama namba tupu kupitia Emacs hiyo, na kazi yake ilikuwa kubadilisha jina la saraka ya /tmp iwe /etc, basi. Kwa ufa huo mdogo wakaanza kuvuta mafaili kutoka mashine ya jirani, moja moja, mpaka mfumo ukasimama.

Nawaheshimu sana watu wale, na sitaki msomaji wangu alazimike kufanya walichofanya. Dawa ilipatikana miaka tisa baadaye. Mwaka 1995 Bruce Perens alikuwa akitafuta namna ya kuingiza usakinishaji na uokoaji wa Debian ndani ya diski moja ya floppy, MB 1.44. Akaunganisha amri nyingi za Unix katika programu moja ndogo, BusyBox: ukiiita kwa jina la ls inakuwa ls, ukiiita tar inakuwa tar. Ikijengwa bila kutegemea maktaba za nje, inafanya kazi hata libc ikiwa imesambaratika. Debian inaitoa kwa jina la busybox-static. Watu wa FreeBSD wana wazo hilohilo katika saraka ya /rescue, ambamo amri zote ni majina tofauti ya faili moja. Yeyote aliyewahi kuona mashine ya Debian au Ubuntu ikikwama kwenye maandishi ya (initramfs) alikuwa tayari mikononi mwa BusyBox bila kujua.

Sakinisha busybox-static leo, mashine ikiwa nzima, na nakala yake nyingine iwe kwenye fleshi. Halafu uijaribu: ukiwa kwenye mashine ya mazoezi, nakili kifurushi chochote cha .deb kwenye saraka tupu, na ukifungue kwa busybox ar, busybox unxz na busybox tar pekee. Ukifaulu hapo, umekuwa na uwezo ambao watu wa Manchester walihangaika kuupata. Wenye Ubuntu wajue kwamba tangu toleo la 21.10 vifurushi vyao hubanwa kwa zstd badala ya xz, kwa hiyo wahakikishe mapema kwamba kifungulio walichonacho kinaielewa.

Fleshi ya uokoaji yenyewe iwe na nini? Kwanza, mfumo kamili unaowaka bila diski ya mashine. Klaus Knopper wa Ujerumani aliufanya mtindo huo ujulikane kwa Knoppix yake ya mwaka 2000, na leo SystemRescue imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Pili, folda ya vifurushi vya toleo lako: libc6, dpkg, apt na maktaba zake, bash, coreutils, kerneli uliyoijaribu ikawaka, initramfs-tools, grub, programu dhibiti za kadi zako, wpasupplicant na network-manager, na debian-archive-keyring. Kama diski zako zimefungwa kwa LUKS, ongeza cryptsetup, pamoja na nakala ya kichwa cha diski iliyotolewa kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup. Kichwa hicho kikiharibika hata neno la siri sahihi halifungui chochote. Nakala yake ilindwe kama ufunguo wa nyumba, maana anayeijua nywila yako ya zamani anaweza kuitumia.

Siku ya kazi, unawasha mashine kwa fleshi, unapachika diski iliyougua kwenye /mnt, na unasema dpkg --root=/mnt -i ukifuatisha majina ya vifurushi. Anayesakinisha ni mzima, anayesakinishiwa ni mgonjwa. Ila maagizo ya usakinishaji yaliyomo katika kifurushi huendeshwa ndani ya /mnt, kwa hiyo libc ya mgonjwa ikiwa imevunjika, toa kwanza mafaili yake kutoka libc6 kwa ar na tar na uyarudishe mahali pake. Kama kerneli au grub imeguswa itakubidi uingie ndani kwa chroot umalizie huko, na kwa hilo /dev, /proc na /sys lazima vipachikwe kwanza.

Akiba haiozi, wanasema wazee, lakini akiba ya programu huchakaa. Debian 13 ilipotoka tarehe 9 Agosti 2025, folda ya vifurushi vya toleo la 12 haikuwa tena dawa kwa mashine iliyopandishwa. Kuweka libc ya toleo la zamani juu ya mfumo mpya ni kuongeza jeraha. Kila folda iandikwe toleo na usanifu wa mashine, amd64 au arm64, na kila unapopandisha toleo, jaza folda mpya. Kosa la pili ni kupakua kifurushi kimoja na kusahau vinavyokitegemeza. Tumia apt-get yenye --download-only, nayo itavuta tegemezi zote ambazo mashine hiyo haina. Na kwa sababu kifurushi cha zamani huja na matundu yake ya usalama, kazi yake iishie kuifikisha mashine mtandaoni. Kuisasisha ndiyo hatua inayofuata, siku ileile.

Fleshi nazo zina udanganyifu wake. Madukani kuna zinazojitangaza kuwa za GB 128 wakati ndani yake ni chache mno, zinapokea mafaili bila kulalamika na kuyapoteza. Ijaze yote kwa f3write na uisome kwa f3read kabla hujaiamini, na karibu na vifurushi weka faili la alama za sha256sum ili ukague baada ya miezi kwamba hakuna herufi iliyobadilika.

Jambo jingine linawapiga watu wenye kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo nyingi kwetu: betri ya saa, ile ya mviringo ya CR2032. Ikifa, mashine huamka ikidhani ni miaka ya nyuma kabisa. Tovuti salama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na apt inakataa orodha za vifurushi kwa sababu hiyohiyo. Mtu anafikiri mtandao umekufa au mfumo umevurugika, anaanza kubomoa. Andika date kwanza. Fleshi yenye vifurushi haijali saa, dpkg itavipokea vyovyote vile, lakini betri hiyo ni ya bei rahisi na moja inafaa kukaa ndani ya mfuko uleule wa fleshi.

Na kama hukuweka chochote? Stoo ya snapshot.debian.org ina vifurushi vya Debian tangu 2005, kila siku na yake, kwa aliye na mtandao. Asiye nao amtafute mwenzake mwenye mashine ya toleo lilelile na usanifu uleule. Kwenye mashine hiyo nzima, chombo kiitwacho dpkg-repack hukusanya mafaili ya programu iliyokwisha kusakinishwa na kuyafunga upya kuwa .deb, kana kwamba yametoka stoo. Kifurushi hicho hubeba pia mafaili ya mipangilio kama mwenzako alivyoyabadilisha, kwa hiyo pitia yaliyo chini ya /etc kabla ya kuwasha huduma yoyote, hasa ya SSH na ya mtandao, na mtandao ukirudi badilisha kifurushi hicho kwa kile cha stoo chenye sahihi ya Debian.